Muvi ya Kitambo Imerudi na Rangi Mpya? Hivi Ndivyo Utajua Kama Ni Rangi ya Ukweli ama Umepigwa

Juzi Ijumaa kwa base yetu kulikuwa na ubishi moto. Haikuwa mpira, haikuwa siasa. Ilikuwa The Matrix. Msee mmoja alisema hiyo muvi ni ya kijani mwanzo mwisho, hadi sura ya Keanu Reeves inakaa kama ya mtu ameshinda ndani ya friji. Mwingine akaapa na mathake kwamba aliicheki majuzi na hakuona kijani ya hivyo. Simu zikatoka, picha zikaonyeshwa, na kila mtu alikuwa na ushahidi wake.

Kitu hakuna mtu alitaka kusikia ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema ukweli.

Ilipotoka 1999, zile scene za ndani ya Matrix zilikuwa na kijani, lakini ya kiasi. Halafu 2003 zikakuja sehemu ya pili na ya tatu, zikiwa na kijani nzito zaidi. Studio ilipotoa boxi ya DVD mwaka wa 2004, na baadaye Blu-ray ya 2008, ile muvi ya kwanza ikaongezewa kijani ndio ifanane na wadogo zake. Kisha 2018 ikatoka ya 4K. Hapo Bill Pope, yule jamaa aliyeongoza kamera wakati muvi inatengenezwa, ndiye alisimamia rangi, na kijani ikashuka tena. Kwa hivyo mtu akikwambia "mimi niliiona na macho yangu," muulize: uliona gani?

Unaeza sema hii ni story ya watu hawana wira. Lakini hebu fikiria. Kila mara muvi ya zamani inarudishwa kwa diski ama kwa app, kuna mtu ameketi kwa chumba cha giza akaamua nyekundu itakuwa nyekundu gani, usiku utakuwa mweusi kiasi gani, na ngozi ya staring itakaa aje. Akikosea, makosa yake yanakuwa ndio ukweli kwa kila mtu atakayeicheki baada ya hapo. Kopi za zamani zinatupwa, app inaweka ile mpya pekee, na wewe uliyezaliwa 2004 hutawahi jua kuna kitu kilibadilishwa. Mtu ameandika upya kumbukumbu yako na bado unamlipa kila mwezi.

Kwa hivyo leo tunajifunza kusoma rangi ya muvi kama wasee wa rada.

Kwanza, rangi ilitoka wapi?

Ushawahi ona vile wasee wa kuprint t-shirt wanafanya kazi? Kila rangi iko na fremu yake. Wanapiga ya kwanza, wanapiga ya pili juu yake, wanapiga ya tatu, na mwishowe unapata picha nzima. Zikikosa kukaa sawa, t-shirt inakuwa na kivuli cha rangi pembeni na unarudishiwa doh yako.

Hiyo ndio ilikuwa Technicolor. Kwa zile muvi za kati ya miaka ya 1930 na mwanzo wa 1950, kama The Wizard of Oz na Gone with the Wind, zote za 1939, kamera ilikuwa kubwa kama kabati. Ndani yake kulikuwa na kioo cha kugawanya mwanga, na filamu tatu za black and white zikizunguka kwa pamoja. Moja inashika nyekundu, moja kijani, moja bluu. Baadaye maabara ilikuwa inachukua hizo tatu na kupiga rangi za wino juu ya filamu moja, hatua kwa hatua, vile tu t-shirt inaprintiwa.

Hii mbinu ilikuwa na faida mbili kubwa. Ya kwanza, zile negativi tatu ni za black and white, kwa hivyo hazina rangi ya kuchuja. Ya pili, ule wino wa kopi za ukumbini ulikuwa mgumu sana. Kopi ya Technicolor iliyotunzwa vizuri bado iko na rangi yake baada ya miaka hamsini, sitini.

Halafu 1950 Kodak wakaleta Eastmancolor. Hapa rangi zote tatu ziko ndani ya filamu moja, tabaka juu ya tabaka. Kamera ikawa ndogo, bei ikashuka, kila studio ikahamia huko. Lakini kulikuwa na shida ambayo haikuonekana mapema: hizo rangi zinakufa. Joto na unyevu zinaziua haraka zaidi, na ile ya samawati ndiyo kawaida inatangulia. Ikienda, kinachobaki ni nyekundu. Ndio sababu kopi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimegeuka pinki, hadi anga inakaa juisi ya tree tomato. Hali ilikuwa mbaya hadi karibu 1980 Martin Scorsese na madairekta wengine wakaanza kupiga kelele hadharani, wakisukuma Kodak watengeneze filamu inayodumu. Filamu bora zilikuja miaka ya 1980, lakini za nyuma zilikuwa zishaharibika.

Kwa hivyo ukiuliza "rangi ya ukweli ni gani," jua kwamba mara nyingi ushahidi wenyewe umechuja. Hakuna mahali unaeza enda ukapata jibu limekaa kwa rafu likikungoja.

Fundi wa rangi anafanya nini?

Ukarabati wa siku hizi uko hivi. Wanatafuta filamu iliyo karibu zaidi na chanzo, na bora ni ile negativi iliyokuwa ndani ya kamera. Wanaiskani fremu kwa fremu. Kile kinachotoka kwa skana hakina sura ya muvi, kinakaa kijivu na kimepoa. Hapo ndipo fundi wa rangi anaingia na kuanza kupandisha hiki na kushusha kile, scene kwa scene.

Sasa anajuaje mahali pa kusimama? Akiwa na bahati, ako na kopi ya ukumbini ya enzi hizo ambayo haijachuja, na ako na mtu aliyekuwa pale wakipiga hiyo muvi. Hizi vitu mbili ni dhahabu. Moja bila nyingine ni hatari, na zote zikikosekana, fundi anakisia tu.

Mfano wa poa ni The Godfather ya 1972. Gordon Willis, aliyeongoza kamera, alipiga hiyo muvi kwa giza la makusudi. Taa zilikuwa juu ya kichwa, macho ya Marlon Brando yakabaki ndani ya kivuli, na rangi yote ikaegemea manjano ya shaba kama picha ya zamani ya familia. Negativi ilitumika kutengeneza kopi nyingi hadi ikachakaa vibaya. Ukarabati ulipokamilika 2008, chini ya Robert Harris, walitumia kopi ya Technicolor ya enzi hizo kama rula ya kupimia, na Willis mwenyewe akashauri kuhusu rangi. Kuna watu walinunua hiyo Blu-ray wakalia: mbona ni manjano hivi, mbona ni giza, mbona kuna chenga chenga? Boss, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wamezoea zile kanda zilizosafishwa na kuangazwa ndio TV ya sebuleni ionyeshe kila kona.

Shika hiyo hapo: kukuchukiza macho si ushahidi kwamba rangi ni mbaya.

"Imepitishwa na dairekta" si stempu ya mwisho

Wengi wetu tunadhani dairekta akisema ni sawa, basi kesi imefungwa. Skiza hii.

The French Connection ya 1971 ni muvi ya makarao wa New York, baridi, uchafu, jiji limechoka. Ilishinda Oscar tano, pamoja na ile ya muvi bora. 2009 ikatoka kwa Blu-ray, na dairekta mwenyewe, William Friedkin, ndiye alisimamia. Friedkin akajaribu mtindo mpya: akachukua picha kama black and white, akalaza juu yake rangi iliyofifishwa. Matokeo yakawa kitu kama chapa ya chaki, rangi zinavuja na baridi inakaa ya maigizo. Owen Roizman, aliyeongoza kamera ya hiyo muvi, alikasirika na akaikataa hadharani. Hakuwa ameulizwa. 2012 ikatolewa Blu-ray ingine, safari hii wote wawili wakihusika, na rangi ikarudi karibu na ile watu walijua.

Sasa nani ndiye mwenye muvi? Dairekta ama yule aliyeshika taa? Na je, mtu wa 2009 ana haki gani juu ya kitu alifanya akiwa kijana 1971?

Wong Kar-wai wa Hong Kong alijibu hilo swali kwa njia yake. Karibu 2020 alirudi kwa muvi zake za kitambo, pamoja na In the Mood for Love ya 2000, akazikarabati kwa 4K. Mashabiki wakagundua mabadiliko: In the Mood for Love imeegemea kijani kuliko diski walizokuwa nazo, na Fallen Angels hata umbo la picha limepanuliwa. Yeye hakuficha. Aliandika wazi kwamba yeye si yule mtu wa zamani tena, na watazamaji pia si wale wale, kwa hivyo alichukua nafasi kuzitengeneza vile alitaka. Unaeza mpenda ama umchukie kwa hilo, lakini angalau alikwambia. Shida kubwa ni pale mtu anabadilisha halafu anakuuzia akisema "vile ilivyokuwa siku ya kwanza."

Na kuna makosa ambayo hayana falsafa yoyote, ni makosa tu. Kwa Star Wars ya 1977, upanga wa mwanga wa Luke ni wa bluu. Ule wa kijani unakuja kwa Return of the Jedi, 1983, na hiyo ni sehemu ya story. Lakini kwa DVD ya 2004, ile scene Luke anafanya mazoezi ndani ya Millennium Falcon, upanga unakaa kijani. Mtoto aliyeanza na hiyo DVD aliharibiwa story na fundi wa rangi.

Ngozi ni kipimo, lakini ngozi ya nani?

Hapa ndipo mambo yanatuhusu sisi moja kwa moja.

Ukiuliza wataalamu kipimo cha kwanza cha rangi ni nini, watakwambia ngozi. Kila mtu anajua ngozi ya binadamu inakaa aje, kwa hivyo ikikosea, jicho linashtuka mara moja. Ni kweli. Lakini kwa miaka mingi, kile kipimo chenyewe kilikuwa ngozi ya aina moja.

Maabara za picha zilikuwa zinatumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, na wafanyakazi wakaziita kadi za Shirley. Ukimfanya Shirley akae poa, mashine iko sawa. Kwa maabara za muvi pia kulikuwa na fremu fupi mwanzoni mwa filamu, mwanamke karibu kila mara mzungu akiwa kando ya vipande vya rangi, na fundi analinganisha naye. Matokeo yake unayajua ukiangalia picha za zamani za darasa: wenye ngozi nyeusi wamebaki meno na macho. Na kilichosukuma Kodak waboreshe rangi ya kahawia hakikuwa malalamiko yetu pekee. Watengenezaji wa chokoleti na wauzaji wa fanicha za mbao pia walilalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwa picha. Chokoleti ilisikizwa.

Ndio maana In the Heat of the Night ya 1967 ni muvi ya kucheki kwa makini. Haskell Wexler, aliyeongoza kamera, alipanga taa zake akifikiria ngozi ya Sidney Poitier, akapunguza ule ukali wa mwanga wa Hollywood uliokuwa unaletea ngozi nyeusi mng'ao mbaya. Ukiwa na diski ya hiyo muvi, usiangalie sura za wazungu pekee. Angalia Poitier kwa scene za usiku. Je, unaona kahawia tofauti tofauti kwa shavu na kwa paji la uso, ama ni bonge moja jeusi? Je, ngozi iko na joto, ama imekaa kijivu kama jivu la jiko? Fundi anaeza pata ngozi ya sherifu sawa kabisa na akamzika Poitier hapo kando. Msee wa kwingine huenda asione. Wewe utaona, juu hiyo ngozi unaiona kila siku kwa kioo.

Peleka hilo swali hadi kwa muvi za Afrika yenyewe. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, iliyopigwa Senegal 1973, ni moja ya muvi zenye rangi kali zaidi utawahi ona. Mambéty aliaga 1998. Ukarabati ulifanyika 2008 kwa maabara ya Bologna, Italia, chini ya shirika la Scorsese, kwa ushirikiano na familia yake. Iko poa na tunashukuru, lakini fikiria hali yenyewe: dairekta hayuko, na chumba cha kuamua rangi kiko Italia. Jua la Dakar linaamuliwa mbali na Dakar. Ndio sababu inafaa tuwe na wasee wetu wanaojua kusoma rangi, si tu kupokea kile tunachoambiwa ni sawa.

Udongo wetu kama ushahidi

Kuna muvi zingine tuko na faida juu yao. The African Queen ya 1951, ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, ilipigwa Congo na Uganda, pamoja na maeneo ya Murchison Falls. Jack Cardiff alikuwa na ile kamera nzito ya Technicolor huko msituni, na wengi wa kikosi wakaugua vibaya. Kwa ukarabati uliotoka 2010, waliskani zile negativi tatu za awali na kuzipanga upya kwa kompyuta, juu kila moja ilikuwa imejikunja kivyake kwa miaka karibu sitini. Ile story ya t-shirt, sasa imefanyiwa fremu kwa fremu.

Halafu kuna Out of Africa ya 1985, iliyopigwa hapa kwetu. Wewe umeona Ngong. Unajua murram ikilowa inakaa aje, na nyasi za Januari si kijani. Ukipata kopi ambayo nyasi za savana zimekuwa na samawati na udongo umekuwa zambarau, una haki ya kuinua mkono.

Lakini pole pole hapo. Muvi si picha ya satelaiti. Technicolor walikuwa na washauri wao waliokuwa wanachagua rangi za nguo na ukuta ndio zipendeze, na wapiga kamera wanaweka vichujio mbele ya lensi makusudi. Kwa hivyo udongo unaeza kukuonyesha mahali pa kushuku, lakini hauwezi peke yake kukwambia dairekta alitaka nini. Ngong ya kweli na Ngong ya Hollywood ni majirani tu.

Sasa wewe ucheki aje ukiwa kwa keja?

1. Anza na TV yako. TV nyingi zinatoka dukani zikiwa kwa Vivid ama Dynamic, juu zinashindana kung'aa kwa rafu. Hapo nyeupe ni bluu na ngozi ni chungwa. Ingia kwa setingi, weka Movie, Cinema ama Filmmaker Mode, na joto la rangi liwe Warm. Mwanzoni utaona kama skrini imemwagiwa chai. Vumilia dakika ishirini, macho yatazoea. Nyeupe ya sinema za nyumbani imepangwa kuwa ya karibu Kelvin 6500, na Warm ndiyo kawaida iko karibu nayo. Kwa simu, zima ile taa ya usiku na kila kitu cha "kuboresha picha." Mtu anayebishana kuhusu rangi na Vivid imewashwa ni kama anayepima unga na mkono kwa ratili.

2. Tafuta nyeupe na nyeusi. Shati, karatasi, shuka za hospitali, maziwa. Kisha koti jeusi, nywele, kona za chumba. Nyeupe ikiwa na rangi, uliza kama kuna sababu ndani ya scene: mshumaa, machweo, taa ya duka. Nyeusi ikiwa imemeza kila kitu hadi koti halina mikunjo, kuna mtu alizidisha.

3. Linganisha scene tofauti. Hii ndiyo mtego wa haraka zaidi. Saa sita mchana nje, ofisini, baa, alfajiri. Mwanga wa hizi mahali haufanani. Ukikuta rangi ile ile imelazwa juu ya zote, hasa ule mseto wa samawati na chungwa ulioshika sana kuanzia miaka ya 2000, na muvi ni ya 1965, shuku. Hiyo ni fashion ya fundi, si ya muvi.

4. Chunga usiku wa uongo. Zamani scene nyingi za usiku zilipigwa mchana, halafu zikatiwa giza na bluu baadaye. Fundi asiyejua akizirudisha kwa mwangaza wa kawaida, unapata vampaya anatembea saa nane mchana na hakuna anayeshangaa. Watu wakishika taa na kuna vivuli vya jua, umempata.

5. Usiamini picha za mtandaoni. Screenshot ya HDR ikiwekwa kwa skrini ya kawaida inakaa imechuja. Video ikipakiwa inakandamizwa. Ukitaka kulinganisha matoleo mawili, tumia skrini moja, setingi moja, fremu ile ile.

6. Soma nyuma ya boxi. Tafuta vitu vitatu: chanzo kilikuwa negativi ya kamera ama kopi ya kopi? Nani alisimamia, na alikuwepo muvi ikipigwa? Kuna kopi ya ukumbini iliyotumika kulinganisha? Zote tatu zikiwa na majibu mazuri, wape imani kiasi. Boxi ikisema tu "rangi mpya zinazong'aa," kimbia. Neno lenyewe ni "mpya."

7. Usijiamini sana. Hii inauma. Mimi Enter the Dragon niliicheki mara ya kwanza kwa ile diski ya muvi kumi kwa moja, ya mia bob, kopi ya kopi ya kopi, kwa TV ya mgongo ambayo kitufe cha rangi kilikuwa kimekwama juu. Kwa miaka nilijua Bruce Lee ni wa rangi ya chungwa. Nilipopata Blu-ray yake nikasema hawa wameharibu. Hawakuwa wameharibu. Ni mimi nilikuwa nimelelewa na TV mbovu. Wengi wetu muvi za kitambo tulizijua kwa sauti ya DJ Afro kabla ya kuzijua kwa rangi yake, na hakuna aibu. Lakini kumbukumbu ya kanda si ushahidi wa ukumbi.

Kwa hivyo nani anasema ukweli?

Ukweli wa rangi ya muvi ya kitambo hauko kwa mtu mmoja. Uko katikati ya negativi iliyobaki, kopi ambayo haijachuja, wasee waliokuwa pale, na vile mbinu za enzi hizo zilifanya kazi. Toleo zuri ni lile linaloheshimu hizo zote na kukwambia wazi mahali lilikisia. Toleo baya ni lile linalokwambia limerudisha zamani kumbe limeleta leo.

Na wale wazee waliokuwa pale wanaisha. Willis aliaga 2014. Cardiff 2009. Wexler 2015. Kila mmoja akienda, kuna maswali yanabaki bila mtu wa kujibu, na kilichobaki ni maamuzi ya mtu kwa chumba cha giza na macho ya mtu kwa keja anayeweza kusema "hapana, hapa si sawa."

Kwa hivyo uko na diski ya zamani? Usiitupe juu eti app iko nayo. App iko na toleo moja, na linaeza badilishwa ukiwa umelala. Ile diski yako ina mikwaruzo, lakini haiwezi kubadilisha story yake.

Turudi base. Wale wasee wawili bado hawajapatana. Mmoja alikuwa anacheki rip ya Blu-ray ya 2008, mwingine 4K. Tukaziweka kando kwa kando, TV moja, Vivid imezimwa, scene ile ile ya mwanamke wa gauni jekundu. Watu wakanyamaza kidogo. Halafu msee wa kijani akasema, "Sawa, lakini mimi bado naipenda yangu." Na hiyo iko sawa kabisa, bora tu ajue anapenda nini.

Wewe je, ni muvi gani ya kitambo imerudi ukaona imebadilishwa rangi? Tag ule msee wa Vivid kwa mbogi yenu.